Ufadhili wa uzamili kwa "viongozi chipukizi": kama huna cheo, unaandika nini?

Msaka_Uzamili

Wakuu, salaam. Naangalia hizi programu za ufadhili wa shahada ya uzamili nje, zile zinazosema zinatafuta viongozi chipukizi kutoka nchi zinazoendelea. Nakwama sehemu tatu.

Kwanza, kila fomu inataka "uongozi", na mimi ni afisa wa kawaida, cheo sina. Pili, huyu anataka miaka ya kazi, yule anataka saa, mwingine anasema chuo kikupokee kwanza ndipo uombe hela. Tatu, barua za mapendekezo: aandike nani, na aandike nini hasa?

Naomba msinirudishe kwenye tovuti zao, nimeshazisoma. Nataka kujua watu wanaangukia wapi.

Nahodha

Mkuu, nianze na la pili, maana hapo ndipo maombi mengi yanapofia insha ikiwa haijasomwa na mtu. Kila programu ina namna yake ya kuhesabu, na ukichukua hesabu ya hii ukaipeleka kule umeumia.

Chevening ya Uingereza inataka miaka miwili ya kazi, ila inaipima kwa saa: 2,800. Zimetokana na saa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, mara miaka miwili. Kazi ya muda mfupi na ya kujitolea zote zinaingia, mradi uzifanye baada ya kumaliza shahada ya kwanza. Mafunzo ya vitendo yaliyokuwa sehemu ya digrii yako usiyaweke. Anayefanya saa 20 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, anapata saa 960. Kwa mwendo huo anahitaji karibu miaka mitatu.

JJ/WBGSP, ule ufadhili wa Japani na Benki ya Dunia, ni mkali zaidi. Shahada ya kwanza iwe imetimiza angalau miaka 3, na uwe na miaka 3 ya kazi ya maendeleo, ya kulipwa na ya muda wote, ndani ya miaka 6 iliyopita. Kujitolea hakumo.

EPOS ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi: kazi miaka 2, lakini shahada yako ya mwisho isizidi miaka 6 tangu uipate. Sharti hili linawaponyoka wengi. Mtu anasema ngoja nijenge uzoefu kwanza, akija kushtuka digrii imeshapitwa.

Humphrey ya Marekani inadai miaka 5 ya kazi baada ya digrii. Jueni pia kwamba haitoi shahada kabisa. Ni takriban miezi 10 ya masomo na mafunzo ya kitaaluma kwa watu walio katikati ya safari yao ya kazi. Anayetaka cheti cha uzamili asipoteze muda huko. Halafu inakukataa kama ndani ya miaka 7 ulisoma uzamili Marekani kwa mwaka mzima wa masomo, au ndani ya miaka 5 ulikaa huko zaidi ya miezi 6.

Erasmus Mundus, ya Umoja wa Ulaya, haidai miaka ya kazi, ingawa kozi moja moja huipa uzito.

Sasa, chuo kwanza au hela kwanza? JJ/WBGSP: chuo kwanza. Uwe na barua ya udahili isiyo na masharti kutoka kozi iliyo kwenye orodha yao. Sharti pekee linalovumiliwa ni lile la kupata fedha. Chevening: sambamba. Kwenye fomu unataja kozi tatu, vyuoni unaomba mwenyewe kwa njia ya kawaida, na ifikapo Julai uwe na udahili usio na masharti kwa angalau moja. Watu hushinda usaili kisha wakakosa safari kwa sababu barua ya chuo bado inasema "akileta matokeo ya Kiingereza". EPOS na Erasmus Mundus: mlango ni mmoja, unaomba kwenye kozi yenyewe, na kila kozi ina tarehe yake ya mwisho.

Commonwealth, ufadhili wa Uingereza kwa nchi za Jumuiya ya Madola, ndiyo yenye mtego. Njia mojawapo inapitia wakala wa uteuzi wa nchi yako, mara nyingi wizara au bodi ya elimu. Wakala ana fomu yake na tarehe yake, mara nyingi mapema kuliko ile unayoiona kwenye mfumo wa tume ya ufadhili huo kule Uingereza. Aliyejaza mfumo wa tume bila kupita kwa wakala hakuteuliwa, na asiyeteuliwa hafikiriwi.

Bi_Takwimu

Nahodha kamaliza masharti, mimi nishike uongozi.

Ndugu Msaka, ondoa hofu ya cheo. Wasomaji wa insha hizi wanatafuta jambo moja: ulipoona tatizo, uliwafanya watu wengine wasogee? Meneja aliyeamuru kwa sababu ana mamlaka hajathibitisha mengi. Afisa asiye na mamlaka aliyewashawishi wenzake wabadili utaratibu amethibitisha.

Tazama aya hii, ni ya kutunga lakini nyingi zinazoandikwa zinafanana nayo:

"Tangu utotoni nimekuwa na moyo wa uongozi. Kazini naongoza kwa mfano na nimeshiriki miradi mbalimbali ya kuboresha huduma za afya kwa jamii."

Hapo hamna mtu, hamna tatizo, hamna tarehe. "Nimeshiriki" ndilo neno la kwanza la kufuta, halimwambii msomaji wewe ulifanya nini na wenzako walifanya nini. Sasa hii, mtu yuleyule na kazi ileile:

"Zahanati zetu sita ziliishiwa dawa za malaria kila mwisho wa robo mwaka, ingawa bohari ilikuwa nazo. Nilipolinganisha leja niliona maagizo yanatumwa siku kumi baada ya hesabu. Sikuwa msimamizi wa wafamasia, kwa hiyo nilimwomba mmoja tujaribu kutuma hesabu siku ileile kwa simu. Wawili walikataa, wakisema ni kazi ya ziada. Niliwaonyesha kwamba fomu ya zamani ingeondolewa. Baada ya robo mbili, zahanati tano hazikuishiwa tena. Ya sita bado ilisumbua kwa sababu ya mtandao."

Angalieni vitu vitatu humo. Kuna kipingamizi, na kipingamizi ni watu, si "changamoto" tu. Kuna namba ya kabla na ya baada. Na kuna zahanati ya sita iliyoshindikana. Msijaribu kuificha, ndiyo inayomfanya msomaji aziamini zile tano.

Insha ya mahusiano ya kikazi huharibiwa kwa kutaja wakubwa uliopiga nao picha. Wanachotaka ni mzunguko: ulimpata nani, ukampa nini, naye akakupa nini, na kitu gani kilitokea ambacho peke yako usingekiweza.

Mpango wa baadaye nao una ugonjwa wake: "nikirudi nitaanzisha asasi yangu". Inawezekana, lakini kila wa pili anaandika hivyo. Andika nafasi iliyopo kweli, kwenye idara iliyopo kweli, na sera au mpango wa taifa inaoutekeleza. Kisha unganisha na masomo: somo fulani kwenye kozi fulani linajaza pengo gani. Kama sentensi yako ya "kwa nini chuo hiki" inaweza kuhamishiwa chuo kingine bila kubadili kitu ila jina, ifute.

Na msinakili insha za waliopata zinazozunguka mitandaoni. Chevening hupitisha maombi kwenye ukaguzi wa wizi wa maandishi, na insha maarufu ndizo za kwanza kunaswa.

Karani_wa_Majalada

Nami niongeze ya makaratasi, yasiyo na utamu wowote ila ndiyo yanayorudisha watu nyumbani.

Majina. Pasipoti ina majina matatu, cheti kina mawili, cha sekondari kimeandikwa kwa herufi tofauti. Rekebisha mapema kwa kiapo cha kisheria na kiambatishe. Jina utakalojaza kwenye fomu liwe la pasipoti, herufi kwa herufi, na hilohilo ujiandikishe nalo kwenye mtihani wa Kiingereza.

Mtihani huo, IELTS au TOEFL, matokeo yake yanakubalika kwa miaka 2. Ukiufanya mapema mno utakwisha kabla chuo hakijakupokea. Tena soma alama kwa kila kipengele, si wastani tu. Vyuo vingi vinataka wastani wa 6.5 na kila kipengele kisipungue 6.0, ukipata 7.0 kwa wastani lakini kuandika ni 5.5, umekosa sharti.

Matokeo ya chuo: omba nakala rasmi pamoja na maelezo ya mfumo wa alama. Bila maelezo hayo, mtu wa nje hajui kama 3.8 ni kati ya 4 au kati ya 5.

Barua za mapendekezo, swali lako la tatu. Soma wanataka ya nani. EPOS inataka ya mwajiri wako wa sasa, na iwe kwenye karatasi yenye nembo, yenye sahihi, muhuri na tarehe ya karibuni. Barua nzuri isiyo na muhuri ina upungufu, ukubali usikubali. Barua ya motisha na wasifu wako navyo visainiwe kwa mkono. Programu za maendeleo kama JJ/WBGSP zinataka watu wa kazini, kwa hiyo profesa maarufu aliyekufundisha darasa la watu mia tatu hakusaidii.

Chagua anayejua kazi yako, si mwenye cheo kirefu. Mpe wiki nne. Mtumie karatasi moja: programu inatafuta nini, matukio mawili aliyoyashuhudia yeye mwenyewe, tarehe ya mwisho. Usimwandikie barua nzima akasaini tu. Sauti yake ikifanana na ya insha yako, msomaji anaona. Kama mfumo unamtumia kiungo, mwombe atumie barua pepe ya taasisi na aangalie kwenye folda ya taka. Wa akiba awepo.

Mwisho, ada. Hizi zilizotajwa hapa hazitozi ada ya kuomba ufadhili. Chuo kinaweza kutoza ada ya maombi ya udahili, hilo ni jambo tofauti. Anayekuomba hela "akuunganishe na kamati" ni tapeli.

Msaka_Uzamili

Nimepata mwanga mkubwa, asanteni. Mawili yamebaki. Nasikia wote wanalazimisha kurudi nyumbani, na ukienda Marekani huruhusiwi kukanyaga tena huko kwa miaka miwili. Ni kweli? Na mwenye mke na watoto anafanyaje?

Mwanazuo

Kweli kabisa, miaka miwili hauingii Marekani. Ndiyo viza ya J-1 hiyo, ile ya programu za kubadilishana wasomi.

Nahodha

Hapana Mwanazuo, hapo umeteleza. Sharti la J-1 kwa waliofadhiliwa na serikali, wa Fulbright (ufadhili wa serikali ya Marekani) wakiwamo, linasema ukae nchini kwako jumla ya miaka miwili kabla ya kupata viza za kazi za H na L au ukaazi wa kudumu. Viza ya matembezi haizuiwi na sharti hilo, na miaka hiyo miwili si lazima uikae mfululizo. Chevening nayo inataka urudi kwenu kwa angalau miaka miwili baada ya ufadhili kwisha. Erasmus Mundus haina kifungo cha namna hiyo.

Kwa hiyo swali la kurudi utaulizwa kwenye usaili, tena kwa upole sana. "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" ndilo lenyewe. Jibu lako lilingane na insha, kwa sababu wanayo mezani na maswali mengi wanayatoa humo. Rudia kuisoma usiku wa kuamkia usaili, hasa zile namba ulizoandika.

Familia: kwa kawaida posho ni ya mtu mmoja. Chevening haitoi kitu kwa wategemezi. Erasmus Mundus inatoa euro 1,400 kwa mwezi, kwa miezi isiyozidi 24, na humo ndimo nauli, viza na kodi ya nyumba vinapotoka, kwa hiyo piga hesabu ukijua unaweza kuhama nchi kila muhula. DAAD huongeza kidogo kwa familia katika baadhi ya programu. Soma tangazo la kozi yako.

Kuhusu viza ya Uingereza, tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wa kufundishwa darasani (si wa utafiti) hawaruhusiwi kuleta wategemezi, lakini walio kwenye ufadhili kamili wa serikali kwa kozi inayozidi miezi 6 wameachwa nje ya katazo. Ruhusa ipo, hela ya kuwalea huko ni yako, na wanaotoa viza watataka kuiona kwenye akaunti.

Karani_wa_Majalada

Na kama nchi yako imo kwenye orodha ya Uingereza ya kupima kifua kikuu kabla ya viza, cheti cha kipimo kinadumu miezi 6 tu. Kila mtegemezi anahitaji chake. Usipime kabla barua ya mwisho ya ufadhili haijatoka.

Msaka_Uzamili

Nimeelewa. Digrii yangu inafikisha miaka 6 mwakani, kwa hiyo naanza na EPOS, Chevening itasubiri.

Bi_Takwimu

Chevening usiisubirishe. Huwa inafunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na kozi nyingi za EPOS zinafunga karibu na kipindi hichohicho. Na kama fani yako ni sera au utawala bora, DAAD wana Helmut Schmidt pia: maombi ni Juni 1 hadi Julai 31, kozi zisizidi mbili. Barua ya mwajiri yenye muhuri omba leo.