MJADALA: Leseni ya ualimu ni ya nini, na nani alipie?

Wakuu habari za jioni. Naleta hili jambo hapa tulijadili kwa kutulia, maana kila likiguswa kwenye magrupu ya walimu dakika kumi nyingi tayari watu wanatukanana.

Mimi nilishika chaki miaka sita shule ya kata kabla sijaenda kusoma sheria. Sasa ni wakili wa serikali, na mafaili mengi yanayotua mezani kwangu ni ya walimu, rufaa za nidhamu, mambo ya usajili, vyeti. Ninayoandika ni ya kwangu mwenyewe, ofisi haijanituma.

Hoja yenyewe ni hii. Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu Tanzania, Na. 5 ya 2018, imeleta bodi ya kusajili walimu na kuwapa leseni, wa serikali na wa binafsi. Walimu wengi hawaitaki na wanasema wazi: nina cheti, nina ajira, Tume ya Utumishi wa Walimu ipo, leseni ya nini tena? Mimi nasema leseni inahitajika sana, ila siyo kwa sababu wanazotuambia kwenye semina.

Kuna faili sitalisahau. Mwalimu wa kiume, shule ya msingi ya serikali, mtoto wa darasa la sita. Kesi ya jinai ilikufa, na mnajua zinavyokufa, wazazi wakaitwa pembeni wakamalizana kifamilia, mtoto akapelekwa kwa bibi yake mbali, siku ya ushahidi mahakamani hakutokea mtu. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, ukimpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela, lakini miaka 30 bila shahidi haimfungi mtu hata siku moja. Upande wa nidhamu ulienda vizuri, akafukuzwa kazi, nikafunga faili nikalala usingizi. Mwaka uliofuata naletewa jambo lingine kabisa la shule moja binafsi mkoa mwingine, napitia orodha ya walimu, nakutana na jina lile lile. Shule ya bweni. Ya wasichana.

Nilipoongea na mwenye shule alinijibu, "Wakili, sisi tuliona cheti cha chuo, tukaona cha form four, Baraza la Mitihani (NECTA) wanamtambua, tungejuaje?" Na kweli angejuaje? Vyeti vilikuwa vyake halali. Cheti kinakwambia mtu alifaulu mtihani, mambo aliyoyafanya baada ya chuo hakiyajui.

Hapo ndo penye tundu. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, inashughulika na walimu walio kwenye utumishi wa umma, kwahiyo ukishafukuzwa umeshatoka mkononi mwake. Usajili wa walimu kwa Kamishna wa Elimu upo tangu Sheria ya Elimu ya 1978 na jina linaweza kufutwa, sikatai, ila niambieni wenye shule mliopo humu, nani amewahi kuulizia daftari la usajili kabla ya kuajiri? Mnahitaji mwalimu wa hesabu muhula umeshaanza, amekuja na vyeti vyake, anaingia darasani kesho. Hata ule uhakiki wa 2017 uliowatoa watumishi 9,932 wenye vyeti feki ulikuwa unatafuta karatasi za uongo, huyu bwana angepita kifua mbele.

Kwangu mimi leseni ni kitu kimoja tu, kumbukumbu inayomfuata mwalimu popote aendapo, na shule yoyote iweze kuiangalia kabla haijamkabidhi mtoto wa mtu. Basi.

Sasa kwanini inachukiwa. Kwanza neno lenyewe lina kidonda. Shule za kata zilipofumuka miaka ile ya 2006, vijana waliomaliza form six walipewa mafunzo ya wiki chache, wakapewa leseni, wakatupwa madarasani, mtaani wakaitwa voda fasta. Nimefanya nao kazi, wengine walikuwa wazuri kuliko sisi tuliosomea, lakini "mwalimu wa leseni" lilikuwa tusi staff room. Leseni ilikuwa ruhusa ya mtu asiyesomea, leo unamwambia mwenye digrii na miaka 20 kazini akaombe leseni halafu unashangaa amenuna?

Pili ni hela. Chukua slipu ya mwalimu mwenye mkopo wa chuo, bodi ya mikopo asilimia 15, mfuko wa pensheni PSSSF 5, bima ya afya 3, chama cha walimu CWT 2, hiyo ni robo ya mshahara imeondoka kabla hata hujahesabu kodi ya PAYE. Ukimwongezea ada ya leseni, hata iwe ndogo vipi, ataona ni kijiko kingine kwenye sahani yake, na ana haki ya kuona hivyo. Wanaosema mbona mawakili wanalipia kila mwaka, jamani wakili wa kujitegemea analipwa na mteja, mwalimu mteja wake ni nani, mtoto wa chekechea? Ada alipe mwajiri, serikali kwa walimu wake na mwenye shule kwa wa kwake.

Tatu ni mtihani, na hapa napinga moja kwa moja. Kuna wanaotaka mwalimu afanye mtihani wa leseni "kama wanasheria". Nimepita huko, na wote tunakumbuka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria yalipotoka, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26, nchi ikatikisika mpaka ikaundwa kamati ya Dkt. Mwakyembe kuchunguza. Mnataka tupeleke hiyo kwa walimu, ambao siku hizi wanafanyiwa usaili wa ajira, na mwaka 2025 waombaji walikuwa zaidi ya laki mbili kwa nafasi elfu kumi na nne na kitu? Huyo kijana amefaulu form four, form six, chuo, amefanya mafunzo kwa vitendo (BTP) mara mbili, amekaa nyumbani miaka saba anauza chipsi, umwekee chujio lingine? Hapana.

Na kuna jambo ambalo walimu hawalisemi sana na ndo linaloniogopesha kuliko ada. Faili lingine, mwalimu wa kike, alishtakiwa kwa utoro, alikuwa anauguza mama yake. Hati ya mashtaka ilipelekwa shuleni yeye hayupo, haikumfikia, kikao kikakaa, akafukuzwa. Nilikuwa upande wa serikali na tulishindwa kwenye rufaa, na tulistahili kushindwa, Katiba ibara ya 13(6)(a) inataka mtu asikilizwe na yeye hakusikilizwa. Miezi yote ile ya kusubiri alikuwa anakula kwa kufundisha shule binafsi. Je, angekuwa amenyang'anywa na leseni? Kufukuzwa kazi kunakufungia mlango mmoja, kufutiwa leseni kunafunga yote.

Kwahiyo msimamo wangu: leseni iguswe kwa mambo mawili tu, kumdhuru mtoto na kughushi. Utoro, ulevi, kugombana na mkuu wa shule, kuchelewesha lesson plan, hayo yabaki kwa mwajiri. Na isifutwe kabla mwalimu hajapewa mashtaka mkononi na kusikilizwa. Kwenye tuhuma za mtoto anaweza kusimamishwa wakati uchunguzi unaendelea, hilo nalikubali, lakini kwa muda unaojulikana.

Karibuni, pingeni kwa hoja.

NYONGEZA: nimesoma michango, asanteni. Mdau aliyesema tungemalizana na hili kwa kuipa Tume walimu wa binafsi pia, hoja yako nzuri, ila Tume inaajiri na kupandisha madaraja, ukiipa na walimu isiowaajiri itakuwa mwajiri wa wengine na hakimu wa wote, mimi hilo linanipa wasiwasi. Dada uliyeuliza tuhuma za kusingiziwa, umenigusa, zipo, nimeziona, barua isiyo na jina kutoka kwa mwenzako anayetaka nafasi yako ya mwalimu wa taaluma. Ndo maana nang'ang'ania kusikilizwa.

Na walioniuliza yule mwalimu yupo wapi. Niliandika barua, shule ikamwondoa kabla muhula haujaisha. Wiki iliyofuata nikampigia mwenye shule kuuliza kama anajua alikoelekea, akasema aliondoka asubuhi na begi lake na bahasha ya vyeti.