Kupunguza saizi ya PDF: saiti, programu ya kompyuta ama kuskani upya?

Wa_Makupa: Jamani habari zenu, niko ofisi ya kutoa mizigo bandarini, karatasi za mteja zimeskaniwa zikatoka faili moja ya MB 38 na Gmail mwisho ni 25. Nyinyi mwatumia nini? Mihuri lazima isomeke.

BintiKisauni: Mie saiti ya iLovePDF tu, waburuta faili wabana wapakua basi. Ila bando laliwa kupandisha na tena kushusha.

Saiba_Likoni: @BintiKisauni kwa noti za shule sawa dadangu, lakini karatasi za mteja zina PIN ya kodi na nambari ya kitambulisho, kwa nini uzipeleke kwa seva ya mtu usiyemjua? @Wa_Makupa kama ni Windows weka PDF24 Creator, ni ya bure, ya Wajerumani, yabana hapohapo kwa mashini hata intaneti ikiwa imekatika. Lakini ni ile ya kuinstoli, si ile ya kwa saiti yao.

Tudor_Linux: Ghostscript, programu ya kuandikia amri, yamaliza yote, tena bure:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf kubwa.pdf

Hapo kwa /ebook ndo pa kuchagua, picha zashuka hadi dpi 150 (nukta kwa kila inchi). Ukiweka /screen ni 72, faili yawa ndogo sana lakini muhuri wabaki doa la wino. /printer ni 300.

Mzee_wa_Mji_wa_Kale: Vijana, mbona hamjamuuliza imeskaniwa vipi? Mwanangu angalia setingi za skana, ikiwa ni dpi 600 na rangi ndo balaa lenyewe, manake ukishusha hadi 300 pikseli zabaki robo, na ukiondoa rangi ukaweka kijivu yapungua tena. Na barua mliyoiandika wenyewe kwa Word msiiprinti halafu muiskani, isevu PDF moja kwa moja, maandishi yabaki maandishi wala si picha, kurasa kumi hazifiki hata MB moja mara nyingi.

Wa_Makupa: Mzee shikamoo, kweli ni 600 na rangi! Nimeskani upya 300 kijivu imekuja MB 7, muhuri wasomeka vizuri. Zile za zamani ambazo karatasi zake tusharudisha ntapitisha kwa PDF24.

Saiba_Likoni: Poa, lakini zile za zamani usifute orijino, na kabla hujatuma zum kwa sahihi na nambari ya kontena, 8 na 3 ndo huchanganyika kwanza.

Mzee_wa_Mji_wa_Kale: Marahaba.