Bega linawaka kila nikipanda kutoka Pasua, nifanyeje?

Wakala wa Pasua
Wakuu, habari za jioni. Nimepooza miguu tangu ajali ya bodaboda 2017, natumia kiti mwendo cha kusukuma. Kibanda changu cha uwakala wa pesa kipo karibu na stendi ya Moshi, na asubuhi njia yote ni kupanda. Tangu mwezi wa tatu bega la kulia linawaka. Kulilalia siwezi, na nikinyoosha mkono kuchukua daftari kwenye shelfu linakwaruza ndani kama lina mchanga. Mzee mmoja akanishauri nipige pushapu kwenye kiti. Wiki mbili, limezidi. Mikono hii ikigoma, hata kitandani sishuki.

Mama Cherehani
Pole sana mdogo wangu. Hizo pushapu acha leo hii. Mimi wa Rau, mwaka wa 19 kwenye kiti. Bega langu la kushoto liliwahi kuniweka ndani miezi saba, nabebwa mpaka chooni.

Kusukuma kunatumia kifua na mbele ya bega kutwa nzima, misuli ya nyuma inalala. Bega linavutwa mbele, kano zinabanwa kwenye mfupa kila ukiinua mkono. Kwanza waone watu wa fizio, yaani tiba ya viungo, pale hospitali ya KCMC, maana kano ikiwa imechanika ni habari nyingine.

Wakikuruhusu, omba tyubu kuukuu kwa fundi baiskeli, ifunge kwenye nondo ya dirisha usawa wa kiwiko. Funga breki, kaa ubavu kwa dirisha. Bana kanga iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, ikidondoka umekosea. Vuta tyubu kutoka tumboni kwenda nje, rudisha polepole kuliko ulivyovuta. Halafu geukia dirisha, vuta kwa mikono yote, viwiko nyuma, mabapa ya mabega yakaribiane. Mara 8 mpaka 15, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Watafiti wa California waliwapa wenzetu mazoezi ya namna hii nyumbani wiki 12, pamoja na kuwafundisha kusukuma na kuhama kiti vizuri. Matokeo ya 2011 yalionyesha maumivu yameshuka hadi theluthi ya yalivyokuwa mwanzo.

Wakala wa Pasua
Asante dada. Ila mimi hujinyanyua pia kukwepa vidonda vya makalio.

Mama Cherehani
Usijinyanyue. Inama mbele, kifua kwenye mapaja, dakika mbili. Mteja atasubiri.

Fundi Viti Arusha
Mkuu, shika ringi ya kusukumia juu kabisa: kiwiko kikunjike kati ya digrii 100 na 120. Kikinyooka zaidi, umekaa juu mno. Jaza upepo magurudumu. Sukuma kwa mkupuo mrefu, kisha uache mkono ushuke chini ya ringi ukirudi. Ekseli ya magurudumu makubwa ikisogezwa mbele kiti kinakuwa chepesi, lakini kwa mlima wako kitakupindua chali, weka kwanza vigurudumu vya nyuma vya kuzuia kupinduka.

Wakala wa Pasua
Nimepima, kiwiko kimenyooka karibu chote. Mto niliongeza mwenyewe mwezi wa pili.

Mama Cherehani
Mwezi wa pili mto, mwezi wa tatu bega. Mwonyeshe fizio huo mto, usiutoe tu ukapata kidonda.