Manjano ni dawa, au rangi ya mchuzi tu?

Hoja: watu wanahimizwa walambe manjano kila siku ili wapone magoti. Madai hayo yana msingi?

Mama Bizari: Yanao, ila ujue kuyapika. Kukyumini, kiini cha manjano, huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Kitunguu kikiiva, punguza moto, tia nusu kijiko cha chai, koroga sekunde 30, kisha mimina nyanya au tui. Mafuta yakishafuka moshi manjano huungua, na uchungu wake hautoki hata uongeze tui. Malizia na pilipili manga. Utafiti wa 1998 uliwapa watu gramu 2 za kukyumini na miligramu 20 za piperini ya pilipili manga; iliyoingia kwenye damu ikaongezeka mara 20.

Mzani: Gramu 2 za kukyumini iliyochujwa, Mama, si za manjano! Unga wa manjano una kukyumini kama asilimia 3 tu. Kijiko cha chai, gramu 3 hivi, kinatoa miligramu 90. Kufikia gramu 2 utahitaji vijiko zaidi ya 20. Mchuzi gani huo?

Mama Bizari: Sijasema mchuzi ni tembe. Faida kubwa ya viungo iko kwenye kupunguza chumvi. Nyama iliyokolea jira, tangawizi, saumu na ndimu hailiwi chapwa hata chumvi ikipungua, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Ukishatia kyubu ya mchuzi lakini, umeharibu hesabu; sehemu kubwa yake ni chumvi.

Mzani: Hapo sina ubishi.

Muuza Viungo: Mnabishania kipimo, mali yenyewe hamjaikagua. Bangladesh watafiti walikuta manjano yamepakwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Nunua vipande vikavu, vunja kimoja utazame ndani, twanga mwenyewe. Na mdalasini je? Kuna aina mbili: kasia ni gome nene, gumu, tabaka moja. Ule wa Ceylon ni tabaka nyingi nyembamba, unavunjika kwa vidole. Kasia ina kumarini, kemikali inayoweza kudhuru ini. Ulaya kiwango cha juu cha kumarini kwa siku ni miligramu 0.1 kwa kilo ya mwili, yaani 6 kwa mtu wa kilo 60, na kijiko cha chai cha unga wa kasia kinaweza kuvuka hapo. Kijiti kimoja kwenye sufuria ya pilau hakina neno. Anayekoroga unga kwenye chai kila asubuhi ndiye wa kuulizwa anatumia upi.

Mzani: Aulizwe pia kama anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Tembe za manjano zinaweza kuizidisha nguvu, damu ikatoka isikome.