Nyaraka za marehemu babu: tuzitoe kwa nani, na kwa masharti gani?

Mjukuu wa Kibokoni
Assalaam aleikum. Babu yetu, aliyefanya biashara ya majahazi katika Bandari ya Kale ya Mombasa, alituachia sanduku lenye barua alizoandikiana na jamaa wa Zanzibar na Maskat, nyingi zikiwa za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, pamoja na madaftari ya hesabu, picha, na hati za shamba la Kisauni. Mchwa wameanza kuzila kingoni. Ami wanataka zitolewe kwa Nyaraka za Taifa, lakini shangazi anashikilia kwamba zikivuka Mtito Andei kwenda Nairobi hatutaziona tena. Anayetoa hubakiwa na haki gani?

Karani Mstaafu
Wa aleikum salaam. Kabla ya kuulizana sanduku liende wapi, ulizaneni ni la nani. Ikiwa babu hakuusia, vilivyomo ni mirathi, na ami hawawezi kutoa hiba kilicho pia cha shangazi. Pateni ridhaa ya warithi wote kwa maandishi, maana mrithi mmoja akija kulalamika baadaye atawatia aibu nyinyi na aliyepokea.

Hati za shamba zitoeni kando sasa hivi. Ardhi nyingi ya mwambao ilisajiliwa chini ya sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, na hadi leo kesi hupatikana au hupotea kwa karatasi kama hizo. Hifadhi ipewe nakala, asili ibaki kwenu.

Zilizobaki zaweza kutolewa moja kwa moja au kuwekwa amana huku mkibaki kuwa wamiliki. Kwa vyovyote, makubaliano yaandikwe na yataje nani ataruhusiwa kuzisoma, barua za mambo ya ndani ya nyumba zifungwe kwa miaka mingapi, na karatasi ambazo hifadhi haizihitaji zirudishwe kwenu au zifanyweje. Kipengele hiki cha mwisho husahauliwa na karibu kila mtu. Kumbukeni pia kwamba kumiliki barua si kumiliki haki ya kuichapisha: kwa sheria ya Kenya haki hiyo ni ya aliyeiandika na warithi wake, hadi miaka 50 baada ya kifo chake.

Bint Kuze
Hofu ya shangazi ina msingi, ingawa kutolewa si lazima kuwe kupotea. Mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa mwaka 1966, uko katika jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, na hadi leo unajulikana kwa jina lake. Hata hivyo, mfano unaowafaa zaidi uko Lamu, ambako miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Picha zinasomwa mtandaoni na miswada yenyewe haikuondoka. Mimi ningeanza kwa kuwauliza watu wa makumbusho ya Fort Jesus, ambao hamhitaji kusafiri kuwafikia.

Msomi wa Mji wa Kale
Naongeza la mikono tu. Msizipange upya kwa tarehe wala kwa ukubwa, kwa sababu barua iliyokutwa ndani ya daftari la hesabu huenda inaeleza shehena iliyoandikwa ukurasa ule ule, na uhusiano huo ukivunjwa haurudi. Ondoeni pini zenye kutu taratibu, msibandike tepu, na msikubali mtu wa duka la fotokopi awauzie wazo la kuzifunika kwa plastiki ya moto. Picha ziandikwe majina nyuma kwa penseli laini, pembeni, angali yupo mzee wa kuzitambua nyuso. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni leo hii.

Mjukuu wa Kibokoni
Ahsanteni sana. Sanduku tumeliweka juu ya meza, na shangazi amekubali kukaa na picha baada ya Ijumaa. Karani, ridhaa ya mrithi aliye Maskat itahitaji kuthibitishwa na wakili wa huko, au sahihi yake mbele ya mashahidi yatosha?

Karani Mstaafu
Mwulizeni atakayepokea, kwa sababu yeye ndiye atakayeitegemea. Mimi ningeithibitisha.