MREJESHO: Meno ya mwanangu wa miaka 4 yaliyooza

Habari za jioni wadau. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini meno ya mbele ya juu ya binti yangu yamegeuka kahawia na kumeguka. Wengi mlisema niyaache, ni ya utoto, yatang'oka yenyewe. Sikuweza kuyaacha, maana mtoto alikuwa analia usiku.

Tulitoka Uyole alfajiri na baridi yake hadi kwa daktari wa meno mjini. Swali lake la kwanza: "Mama, analala na chupa?" Nikanyamaza. Hadi anafikisha miaka 3 alikuwa analala na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari. Kumbe usiku mate hupungua, sukari inabaki mdomoni, bakteria wanaigeuza asidi inayokula jino. Meno ya mbele ya chini ulimi na mate huyakinga kidogo, ndiyo maana yalianza ya juu.

Akaniambia pia kuwa kula kitu kitamu mara nyingi kunadhuru kuliko kula kingi mara moja. Nikakumbuka zile pipi za dukani kila akitumwa.

Jino moja limeng'olewa, lilishatunga usaha. Mawili yamezibwa. Na magego yake ya utoto atakaa nayo hadi miaka 10 au zaidi, kwa hiyo jamani "yatang'oka tu" si jibu.

Sasa namswaki mwenyewe asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno yenye floridi (madini ya kuimarisha meno) kiasi cha punje ya njegere. Juzi amelala usiku kucha.