Tupeane uzoefu: kuunganisha treni na meli Uingereza na Ireland

Kiti cha Dirishani
Wakuu habari za jioni. Nimetoka kumsindikiza mdogo wangu stesheni ya Crewe, anakwenda Dublin: treni mpaka Holyhead, halafu meli. Dogo kaniuliza swali moja tu kuanzia nyumbani hadi mlangoni mwa behewa: treni ikichelewa, meli inasubiri? Nimemwambia asijali, ila mwenyewe sina uhakika. Waliopita bandari hizi, iwe Holyhead, Fishguard, Rosslare, Cairnryan, Harwich, popote pale, tupeane uzoefu. Picha zenu za kwenye deki kaeni nazo.

Sijasema Kitu
Haisubiri. Uzi ufungwe.

Binti Pemba
😂 Natandika mkeka hapa.

Mama Wawili Leeds
Holyhead yenyewe haina shida, kaka. Stesheni na jengo la abiria wa meli vimeshikana, unashuka na begi lako, hatua chache uko kaunta. Muhimu ni hiyo kaunta, inafungwa nusu saa kabla ya meli kung'oa nanga. Watu wanaangalia saa ya meli kuondoka, wakati saa inayowahusu ni ya kaunta kufungwa. Ukishapita, kuna basi linakubeba na kuingia nawe mpaka tumboni mwa meli, katikati ya malori. Dogo asijifanye mwanamazoezi akataka kutembea, huko ndani wa miguu hawaruhusiwi.

Akivuka, yapata masaa matatu na robo baharini, ndipo ajipange. Bandari ya Dublin haina stesheni ya treni. Kuna basi la kuingia mjini, likiwa limeondoka ni teksi au mguu mpaka The Point inapoishia Luas, tramu ya mjini, ya mstari mwekundu, na hapo si karibu ukiwa na sanduku. Zamani meli za mwendo kasi zilikuwa zinaingia Dún Laoghaire, unashuka tu na DART, treni ya mjini, iko pale pale. Ziliachwa 2014.

Jamaa wa Nakuru
Kweli kabisa huyo mama. Hiyo walk ya Dublin Port usiku na mvua, wacha tu.

Mzee Glasgow
Vijana, mmezaliwa juzi. Mie nimeishi Scotland tangu enzi za kupanda treni Glasgow, unalala, unaamka Stranraer, treni imeingia mpaka gatini, meli ya Belfast hiyo hapo unaigusa. Novemba 2011 meli zikahamia Cairnryan, upande wa pili wa ghuba ile ile. Treni hazikuhamia. Mpaka leo reli inaishia Stranraer, gatini kule kule, inakuteremsha mbele ya maji matupu. Hakuna meli. Kuna ndege wa baharini wanaokuangalia kama wanaokungoja uwape chipsi.

Sasa anayekwenda Belfast anashuka Ayr, anapanda basi mpaka Cairnryan, na basi hilo linakatiwa nafasi mapema. Kila mwaka nakutana na mtu ameangalia ramani, kaona reli inafika Stranraer, kaona meli ziko jirani, akasema "hapa ni karibu". Karibu ya kwenye ramani ni barabara ya pwani isiyo na njia ya waenda kwa miguu ya maana, upepo unakusukuma kwenye malori.

Fundi Bomba
Shikamoo mzee. Huku kwetu Portsmouth ni hayo hayo. Kuna stesheni inaitwa Portsmouth Harbour. Mgeni anaona "Harbour", anashuka. Anakuta boti kweli, tena nzuri, ila zinakwenda kisiwa cha Isle of Wight. Meli za Ufaransa ziko bandari nyingine kabisa, huko unashukia Portsmouth & Southsea halafu basi au teksi. Nimeshuhudia familia nzima ya Wakongo wa Birmingham wakibishana kwa Kiswahili cha Bukavu pale kwenye geti la tiketi, baba kashika tiketi za Caen, Ufaransa, mama anamwambia "nilikwambia tuulize". Niliwachukua kwa gari langu. Baba hakusema neno njia nzima.

Binti Pemba
Mama yuko sahihi siku zote.

Mzee Glasgow
Marahaba mwanangu. Dover pia: reli ilikuwa inaingia mpaka gati la magharibi, ikafungwa 1994, mwaka ule ule lilipofunguliwa handaki la chini ya bahari. Sasa unashukia Dover Priory na meli ziko mashariki, zaidi ya maili moja. Nchi hii ilikuwa imeoanisha treni na meli, wakaja kuwaachanisha wenyewe.

Tanga Mjini
Nilikuwa napita tu, sikutaka kuandika, lakini nimeona Holyhead na yote yamenirudia. Nilikuwa Wolverhampton. Jioni napigiwa simu, binamu yangu kafariki Dublin, anazikwa kesho baada ya Adhuhuri. Naangalia ndege za asubuhi: ya kwanza imejaa, ya pili bei yake ningeweza kununua pikipiki Tanga. Mshikaji mmoja akaniambia tiketi ya SailRail, treni na meli kwa pamoja, bei yake haipandi hata ukinunua siku ile ile. Kweli, nikaipata dirishani stesheni, nikaondoka na begi la mgongoni na kanzu ndani ya mfuko wa nailoni.

Nilipanga kuiwahi meli ya saa nane na kitu usiku. Treni ikaenda vizuri mpaka Chester. Baada ya Rhyl ikaanza kutambaa. Llandudno Junction ikasimama kabisa. Kondakta akapita: mti umeanguka kwenye reli mbele huko kwa sababu ya upepo, hajui lini utaondolewa. Tulikuwa kama watu sita tunaokwenda melini. Kila mmoja anaangalia saa halafu anaangalia dirisha, na dirishani giza tu, unaona sura yako mwenyewe.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Ireland, mtu mzima kweli, kofia ya sufu. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia msibani. Akasema "mimi pia". Yeye ndiye aliyesimama akasema tuchange teksi. Tukapata moja ya viti vingi, dereva kijana, akatutajia bei nikahisi tumbo limekata. Tukalipa. Bibi alitoa fungu kubwa, akakataa kujadili. Barabara ya A55 upepo unalipiga gari ubavuni, dereva kakamata usukani kwa mikono miwili, hakuna anayeongea.

Tumefika Holyhead dakika ishirini na tano kabla ya meli kuondoka. Mnakumbuka alichosema Mama Wawili hapo juu? Nusu saa. Dada wa kaunta ameshashusha pazia, yuko nyuma ya kioo anahesabu karatasi. Tukamgongea. Akatuangalia kwa huruma, hilo namshukuru, akapiga simu mbele yetu. Akarudi: mlango wa meli umefungwa. Na meli iko pale! Taa zote zinawaka, unasikia injini. Dakika ishirini na tano nzima tumesimama dirishani tunaiangalia meli ambayo haijaondoka na hatuwezi kuipanda. Natuma hii kwanza, nitaendelea.

Binti Pemba
WEWE usituache hapo!

Jamaa wa Nakuru
Bro rudi. Ulizika?

Sijasema Kitu
Sasa si angeomba tu ndege ya jioni ile ile? Watu mnapenda mateso.

Mama Wawili Leeds
Wewe unayeitwa Sijasema Kitu, mbona unasema? Mtu anasimulia msiba.

Sijasema Kitu
Nimesema ukweli. Kutegemea treni na meli, kwenye upepo, usiku wa baridi, kwa jambo lenye saa maalumu, ni kamari.

Mjukuu wa Mombasa
Na ndege hazichelewi? Upepo huo huo unafunga viwanja. Desemba 2024 kimbunga Darragh kilivunja magati ya Holyhead, bandari ikafungwa mpaka katikati ya Januari 2025, Krismasi yote watu wanatafuta njia za Fishguard na Liverpool. Huko hakuna mjanja.

Nikiwa hapa: anayekwenda Fishguard ajue treni inaishia kwenye bandari yenyewe, vizuri sana, ila zile zinazokutana na meli ni chache na moja inafika usiku wa manane. Upande wa pili, Rosslare, ndiyo kichekesho. Reli ipo mpaka Rosslare Europort, lakini treni za Dublin Connolly ni chache kwa siku na ratiba haijali meli imeingia saa ngapi. Mimi hupanda basi. Ila ukiwa na muda, panda treni hiyo mara moja maishani: ikifika Wexford inapita kandokando ya gati taratibu, katikati ya mji, watu wanakunywa kahawa wanakutazama.

Kiti cha Dirishani
Asanteni. Swali la pembeni: kuna jamaa ana viza ya Uingereza tu, pasi ya Tanzania. Anasema melini hawakagui, apande tu aende Dublin kutembea wikendi. Ni kweli?

Jamaa wa Nakuru
Hawakagui. Mimi nimepita mara kibao.

Mama Wawili Leeds
Jamaa usimpotoshe mtu. Viza ya Uingereza si viza ya Ireland. Pasi zetu, ya Kenya na ya Tanzania, zinahitaji viza yao. Maafisa wapo bandarini Dublin, siku wakikuomba pasi ukasema "niliambiwa mtandaoni", unarudishwa kwa meli ile ile na rekodi inabaki kwenye jina lako. Wewe umepita kwa sababu una pasi nyekundu, sema ukweli.

Jamaa wa Nakuru
Sawa, pasi yangu ni ya Ireland 😅 lakini bado hawakuniangalia!

Fundi Bomba
😂😂😂

Mzee Glasgow
Cairnryan kwenda Belfast ni safari ya ndani ya Uingereza, hakuna uhamiaji, kitambulisho tu. Ila asivuke mpaka wa nchi kavu kwenda Dublin akidhani amewazidi akili. Mabasi hukaguliwa pia.

Tanga Mjini
Nimerudi, samahani, niko zamu. Ndugu Sijasema Kitu, ndege ya jioni ile haikuwepo, ningeipanda.

Tulilala kwenye viti vya ukumbi. Mashine ya vinywaji ilikuwa imekula sarafu za watu wawili, hakuna kingine kilichofunguliwa. Tiketi yetu ilikuwa ya treni na meli kwa pamoja, asubuhi tukapandishwa meli ya saa mbili na kitu bila kulipa tena. Hilo mlishike: mngekuwa mmenunua treni kwake na meli kwake, kila mmoja atakwambia kosa ni la mwenzake. Bibi alinipa nusu ya sandwichi yake. Bahari ilikuwa chafu, nimetapika mpaka nyongo.

Dublin tumeshuka inakaribia saa sita mchana. Mtoto wa yule bibi alikuja kumpokea na gari, bibi akamwambia "mpeleke kwanza huyu". Akanipeleka mpaka mlango wa msikiti. Kanzu niliivaa ndani ya gari. Nilikuta watu wanatoka kuswalia jeneza. Makaburini nilishika koleo. Msiba wa bibi ulikuwa jioni, sikujua hata jina la marehemu wake.

Binti Pemba
Allah amrehemu binamu yako. Na bibi Mungu amlipe.

Mama Wawili Leeds
Amin.

Sijasema Kitu
Pole sana kaka. Hiyo ya tiketi moja nimeichukua.

Fundi Bomba
Nyongeza: meli yenyewe ikichelewa kuondoka zaidi ya dakika 90, una haki ya kuchagua kurudishiwa hela au kupelekwa kwa njia nyingine, na chakula unapongoja. Usingoje watangaze, kaulize.

Mjukuu wa Mombasa
Anayetaka kuona mambo yalivyopaswa kuwa aende Wemyss Bay, Scotland. Stesheni ya 1903, paa la kioo limezunguka kama mwavuli, unashuka treni unateremka kwenye njia iliyoezekwa mpaka kwenye meli ya Rothesay. Mvua haikugusi.

Binti Pemba
Harwich pia, treni na meli ni mlango na mlango. Ila ya usiku kwenda Hoek van Holland, Uholanzi, lazima ukate kabini, hawakuachi ulale kwenye kiti. Ukiamka unapanda metro mpaka Rotterdam.

Jamaa wa Nakuru
Na sisi? SGR inakutupa Miritini, kivuko cha Likoni utajua mwenyewe.

Fundi Bomba
Poleni majirani 😂 Dar unashuka SGR unatembea mpaka boti ya Zanzibar.

Jamaa wa Nakuru
Tulijua tu mtafika hapo.

Mzee Glasgow
Rudini kwenye mada. Ushauri wangu: kata treni ya kabla ya ile inayotosha.

Sijasema Kitu
Ushauri wangu: kata mbili kabla.

Mama Wawili Leeds
Msimsikilize, utakaa Holyhead masaa manne unaangalia ukuta. Moja kabla inatosha, na chapati kwenye begi.

Mgeni Mpya 07
Habari zenu. Na Isle of Man je, kuna treni ya kukutana na meli?

Mzee Glasgow
Heysham Port. Treni moja tu kwa siku. Ukiikosa, shukia Lancaster utafute teksi, na bei muulize kabla hujafunga mlango.